Mfupa Wenye Vitundu Ndio Ubebao Mzigo

Ndugu msomaji, naomba leo tuingie pamoja jikoni, tena moja kwa moja kwenye sufuria ya supu. Wengi wetu hununua mifupa buchani kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya nyama tupu. Tukaichemsha, watoto wakagombania uboho, kisha mifupa mitupu ikatupwa nje ikawa mali ya mbwa. Yafaa safari hii, kabla ya kuutupa, tuutazame mfupa mmoja kwa makini. Ninayo sababu ya kuwaomba hivyo, na nitaieleza kabla ya kufika mwisho, ingawa kuieleza hakunipi sifa.

Jumamosi moja nilitoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako ndiko niliko kikazi, nikaenda Mbarara kununua mahitaji ya nyumbani. Buchani nilimwomba muuzaji anipasulie mfupa wa paja la ng'ombe kwa msumeno, si kwa shoka, na aupasue kwa urefu wake, kuanzia kichwa cha juu hadi katikati. Alinitazama kwa mshangao.

"Mama, supu haijui msumeno wala shoka," akasema.

Nikamjibu kwamba supu haitajua, lakini watoto wangu watajua. Akacheka, akaupasua.

Sehemu ya katikati ya mfupa ule ilikuwa kama bomba. Kuta zake zilikuwa nene, ngumu, nyeupe, na ndani ya bomba umejaa uboho wa manjano wenye mafuta. Lakini kadiri jicho lilivyopanda kuelekea kichwani, ukuta ulizidi kuwa mwembamba mpaka ukawa kama ganda la yai, na mahali pa bomba pakashikwa na kitu kingine kabisa: vijiti na vibao vidogo vya mfupa vilivyoungana huku na huku, vikiacha vitundu visivyohesabika, na katika vitundu hivyo majimaji mekundu. Atazamaye atadhani ni sifongo, na ndiyo maana wataalamu huuita mfupa wa sifongo. Hata hivyo jina lisitudanganye. Sifongo ya kuogea hubonyea ukiiminya. Mfupa huu ukiuminya kwa vidole, vidole ndivyo viumiavyo.

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na kila mmoja una aina hizo mbili, mfupa mgumu kwa nje na mfupa wa sifongo kwa ndani, ila kwa vipimo tofauti. Kwa uzito, mfupa mgumu ni kama asilimia 80 ya mifupa yote, na wa sifongo ni kama asilimia 20 tu. Huo wa sifongo hupatikana kwa wingi katika ncha za mifupa mirefu, katika pingili za uti wa mgongo, mbavu, kidari, nyonga, kisigino, na kati ya bamba mbili za fuvu la kichwa. Ukiupima, utakuta kwamba nusu yake, na mara nyingine hadi asilimia 90, ni nafasi tupu iliyojaa uboho.

Hapa ndipo swali linapojitokeza. Je, inakuwaje mwili uweke kitu chenye vitundu hasa pale ambapo mzigo ni mkubwa? Mtu anapotembea, kila hatua huitwika nyonga mzigo wa karibu mara tatu ya uzito wa mwili wake. Mbona basi kichwa cha paja hakikujengwa kwa mfupa mgumu mtupu, kama jiwe?

Jibu lipo barabarani. Mtazame mwendesha baiskeli aletaye mikungu ya ndizi sokoni Mbarara. Baiskeli yake ni mabomba matupu na spoki nyembamba, lakini hubeba mizigo inayomshinda mtu kuinua. Kama ingekuwa chuma kitupu kilichojaa, ingeweza kubeba, lakini nani angeisukuma mlimani? Au tazama paa la nyumba. Fundi hapangi magogo yakajaza paa zima. Hupanga boriti na mapau machache, kila moja mahali pake, na mzigo wa mabati ukateremka kwa njia zilizokusudiwa mpaka ukutani. Mfupa wa sifongo umejengwa kwa akili hiyohiyo. Vijiti vyake havikutupwa ovyo, bali vimepangwa kufuata njia ambamo uzito hupita.

Jambo hili halikugunduliwa na waganga peke yao. Mwaka 1866, mjini Zürich, profesa wa uhandisi aitwaye Karl Culmann aliona vipande vya mifupa vilivyopasuliwa na mtaalamu wa viungo, Hermann von Meyer. Culmann, ambaye kazi yake ilikuwa kukokotoa nguvu zinazopita katika madaraja na winchi za kuinulia mizigo, alishangaa kuona kwamba mistari ya vijiti katika kichwa cha paja inafanana na mistari aliyozoea kuichora mwenyewe. Meyer alichapisha habari hizo mwaka 1867. Baadaye, mwaka 1892, daktari Julius Wolff wa Berlin aliandika kanuni ijulikanayo hadi leo kwa jina lake: mfupa hujijenga kwa kufuata kazi unayopewa. Ukiutwika mzigo kwa kiasi, huongeza vijiti. Ukiuacha bila kazi, huvipunguza. Wanaanga wakaao angani, ambako miili yao haina uzito wa kuhisika, hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, wasipofanya mazoezi.

Sisi wa Ankole tunao mfano mwingine mlangoni petu. Wageni hustaajabu jinsi ng'ombe wetu wanavyoweza kubeba pembe kubwa namna ile bila shingo kuvunjika. Siri ni kwamba ndani ya ganda la pembe umo mfupa mwepesi wenye vyumba vyumba, si mfupa mzito uliojaa.

KAZI NYINGINE ZA VITUNDU

Kubeba mzigo si kazi pekee. Yale majimaji mekundu niliyoyataja ni uboho mwekundu, na huo ndio kiwanda cha damu. Kwa mtoto mchanga uboho mwekundu umo karibu katika mifupa yote. Kwa mtu mzima umebaki zaidi katika mfupa wa sifongo wa pingili, kidari, mbavu, nyonga, fuvu, na ncha za juu za paja na mkono. Chembe nyekundu ya damu huishi muda wa siku 120 hivi, kisha hufa. Kwa hiyo kiwanda hiki hulazimika kutoa chembe mpya zipatazo milioni mbili kila sekunde, usiku na mchana, hata wewe ulalapo au usimamapo lindo.

Damu na mfupa huu zimeungana sana, hata daktari akikosa mshipa wa mtoto aliyekauka kwa kuhara, au wa majeruhi aliyetokwa na damu nyingi, huweza kuchoma sindano maalumu katika mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, na kupitisha maji na dawa humo. Kutoka katika vitundu vile dawa hufika moyoni kwa muda mfupi.

Tena mfupa ni ghala. Asilimia 99 ya madini ya kalsiamu mwilini yamewekwa katika mifupa na meno. Damu ikipungukiwa, hukopa ghalani, na mahali rahisi pa kukopa ni katika mfupa wa sifongo, kwa kuwa vijiti vyake vimezungukwa na damu pande zote. Mkopo ukirudishwa, hakuna ubaya. Usiporudishwa mwaka hata mwaka, paa hubaki na mapau machache, nalo siku moja huporomoka.

JARIBIO LA NYUMBANI

Wazazi wenye watoto wa shule wanaweza kufanya jaribio dogo. Chukueni mifupa miwili ya paja la kuku, muioshe vizuri. Mmoja uwekeni katika chupa ya siki kwa siku kadhaa, mkibadilisha siki mara moja au mbili. Mwingine mzazi mwenyewe auchome katika makaa mpaka uwe mweupe. Ule wa siki utapindika kama mpira, maana madini yametoka, ikabaki nyuzi za nyama-mfupa. Ule wa makaa utabaki na umbo lake, lakini ukiugusa kwa nguvu utavunjika kama chaki, maana nyuzi zimeungua, yakabaki madini. Watoto wataona kwa macho yao kwamba mfupa unahitaji vyote viwili, ugumu wa madini na unyumbufu wa nyuzi. Somo hilo nililifundisha darasani miaka kadhaa kabla sijahamia kazi niliyo nayo sasa, na sijapata kumwona mwanafunzi aliyelisahau.

KUBOMOA NA KUJENGA

Ndugu msomaji, mfupa wako si jiwe, ni kitu hai. Ndani yake zimo seli zinazobomoa mfupa wa zamani, na nyingine zinazojenga mpya nyuma yake, mfano wa mafundi wanaokarabati nyumba huku wenyewe wamo ndani. Kwa mwaka mmoja, kama sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hufanywa upya. Lakini zingatia sana jambo hili: kubomoa huchukua majuma machache, na kujenga huchukua miezi.

Ndugu zetu walio kambini yawapasa walielewe hilo kuliko watu wote. Kuruta aliyetoka kijijini akaanza ghafla mchakamchaka na mwendo mrefu wenye mzigo mgongoni, mifupa yake hupokea amri ya kujijenga upya. Wabomoaji huingia kazini kwanza. Ikiwa mazoezi hayampi nafasi, ufa mdogo hutokea kabla wajenzi hawajafika. Mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba miguu baada ya mwendo mrefu bila kuumizwa na kitu. Ni baada ya Röntgen kugundua eksirei mwaka 1895 ndipo ilipoonekana kwamba mifupa ya nyayo zao ilikuwa imepasuka. Kisigino nacho, ambacho karibu chote ni mfupa wa sifongo, hupasuka vivyo hivyo.

Mdogo wangu wa kiume alipatwa na hayo alipokuwa kuruta. Kisigino kilimuuma, akanyamaza asije akaitwa mvivu. Akafunga buti, akakimbia majuma mawili zaidi. Mwishowe hakuweza kukanyaga chini, na mapumziko ambayo yangekuwa mafupi yakawa ya miezi. Dalili zake zilikuwa wazi: maumivu yaliyozidi kwa mazoezi na kupungua kwa kupumzika, na kisigino kilichouma mno kilipobanwa pande zote mbili kwa viganja. Anayeona dalili hizo na amwarifu mganga wa kikosi mapema, na ajue kwamba picha ya eksirei ya siku za mwanzo huweza isionyeshe kitu. Askari anayetoa taarifa ya ufa huokoa mguu ambao kikosi kitauhitaji kesho. Na vijana wanaoruka kutoka juu ya lori lililosimama, wakiwa na mizigo yao, wakumbuke kwamba visigino na pingili za mgongo ndizo zinazolipa.

MTOTO ASIYEINAMA

Sasa nafika katika ile sababu niliyoahidi. Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na wakaaji wake wa mwanzo walikuwa wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wapo humo watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na wengi husikilizana kwa Kiswahili. Mama mmoja wa Kongo, jirani wa ofisi yetu, alinijia asubuhi moja akiwa na mwanawe wa miaka tisa.

"Mwalimu," akasema, maana wengi huniita hivyo hadi leo, "mutoto analalamika mugongo. Usiku halali."

Mtoto alikuwa mchapakazi, achotaye maji mara mbili kwa siku. Nikamwambia mama kwa uhakika wote wa mtu aliyesoma, "Mpunguzie jerikani, mama. Ni mzigo tu. Atapona."

Mama akatii. Majirani nao wakaongeza yao: wengine wakamkanda mtoto kwa mafuta na majani ya moto, wengine wakanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Miezi mitatu ikapita. Siku moja nilikuwa nimesimama nje, mtoto yule akaangusha sarafu. Hakuinama kuiokota. Alichuchumaa polepole, mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja ukishikilia paja, akaiokota, akajiinua kwa kulipanda paja lake mwenyewe kwa viganja. Nilimwita, nikalifunua shati. Katikati ya mgongo palikuwa na kinundu kimoja kilichochomoza, na mbavu zilihesabika.

Alipelekwa kituo cha afya, na kutoka huko akapelekwa hospitali ya rufaa mjini Mbarara. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Wengi hushangaa kusikia kwamba kifua kikuu hukaa mgongoni. Vijidudu vyake husafiri kwa damu, na pale ambapo damu ni nyingi ndipo wanapopata makao, yaani katika mfupa wa sifongo wa pingili. Huko hula vile vijiti taratibu, mpaka sehemu ya mbele ya pingili inaporomoka na mgongo kupinda. Usaha ukibana uti, miguu huishiwa nguvu. Ugonjwa huu ni wa kale, umeonekana hata katika maiti zilizokaushwa za Misri, na mwaka 1779 mganga Percivall Pott wa London aliueleza kwa kirefu, ndiyo maana huitwa kwa jina lake. Mgonjwa huenda asikohoe hata kidogo, na hapo ndipo tunapodanganyika.

Dawa ipo, na katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Mtoto alimeza vidonge vyake kwa mwaka mzima, kama daktari alivyoagiza, mama yake akiweka alama ya mkaa ukutani kila siku. Leo anatembea, anasoma, na anacheza mpira. Lakini kile kinundu hakikuondoka, wala hakitaondoka. Kila nimwonapo kwa nyuma nakumbuka ile miezi mitatu, na neno langu la "atapona."

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, maumivu ya mgongo kwa mtoto yasichukuliwe kuwa ya kawaida. Mtoto si mzee. Yakizidi majuma mawili au matatu, au yakifuatana na homa, jasho la usiku, kukonda, au miguu kulegea, apelekwe kituo cha afya, wala asikandwe wala kunyooshwa mgongo.

Pili, tuchemshe maziwa. Najua wapo wasemao kwamba maziwa mabichi ndiyo yenye nguvu. Maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, na pia brusela, ambayo nayo hupenda kukaa katika pingili. Maziwa yaliyochemka hayapotezi kalsiamu yake.

Tatu, turudishe mkopo ghalani. Mahindi, ambayo wengi tunayategemea kambini na makazini, yana kalsiamu kidogo mno. Unga wa wimbi una zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, kwa hiyo uji wa wimbi si chakula cha maskini kama wengine wanavyodhani. Mukene huliwa pamoja na mifupa yao, na hapo ndipo penye faida. Mchicha na sukuma wiki husaidia. Jua nalo huupa mwili vitamini D, ambayo bila hiyo kalsiamu haiingii mfupani.

Nne, tuwatazame wazazi wetu. Mwanamke akishakoma hedhi, wabomoaji huwazidi wajenzi, na mfupa wa sifongo ndio unaotangulia kuliwa. Bibi anayepungua kimo, au aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu, hajazeeka tu bali mapau yake yamepungua. Tumwondolee vitu vya kumkwaza njiani, tumpe chakula nilichokitaja, na tumwache atembee na kulima kidogo. Kumkalisha kitini siku nzima kwa heshima ni kumbomoa kwa heshima. Sigara na pombe nyingi huharakisha uharibifu huo kwa wanaume na wanawake.

Mwisho, mfupa wa kijana huendelea kujaa mpaka afikapo umri wa miaka 30 hivi. Baada ya hapo twaishi kwa akiba. Mimi nimeshauvuka umri huo, na huenda nawe umeuvuka, lakini watoto wetu wangali wanajenga. Ule mfupa wa buchani niliuchemsha, nikausafisha, nikauanika juani. Sasa upo juu ya meza yangu ofisini. Mzazi akija na mtoto asemaye mgongo unamuuma, namwonyesha vile vitundu kwanza, kisha namwandikia barua ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tukijaliwa, tutakutana tena juma lijalo katika ukurasa huu.